Basari za kaunti: nani aliwatuma huko?

MzeeKinu (Njoro)

Salaam wanajukwaa. Mimi ni msaga unga huku upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru, na niseme mapema kabla hamjanitafuta kwa tochi: siasa zangu ni za kihafidhina. Sisemi chama, maana vyama vyetu hubadilishwa kama kandambili mlangoni mwa msikiti. Nasema ninavyoamini. Mtoto ni wa wazazi kwanza, kisha ukoo na kanisa, na serikali ifanye kazi iliyoandikiwa, iifanye vizuri, kilichobaki iniachie mfukoni. Leseni ya kinu nalipa. Sijawahi kumwomba mheshimiwa fulana wala nauli.

Aprili kulikuwa na kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Kila aliyepewa kipaza sauti aliomba jambo moja: basari, yaani pesa za kusaidia karo, iongezwe. Mzee wa kijiji, basari. Kijana wa boda boda, basari. Mama wa chama cha akiba, basari. Nilipofikiwa nikasema ipunguzwe mwaka hadi mwaka mpaka iishe, na pesa hizo zirudi kwenye chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Nilizomewa! Mama mmoja akaniuliza kama ni kwa kuwa wangu wameshashiba ndipo sasa namwaga chungu. Jumapili kanisani watu wakanisalimia kwa ncha za vidole.

Nieleze hapa kwa utulivu kile sikuachwa kueleza pale. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni za serikali kuu. Kaunti ilipewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya kijijini na vituo vya kulea watoto wadogo. Mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huajiriwa na kaunti, si TSC, tume ya taifa ya walimu. Ukitaka kujua kaunti inajali elimu kiasi gani, usiangalie sherehe ya cheki, ingia chekechea.

Iliyo karibu nami ni ya mabati, na waliojenga ni wazazi. Mwalimu yuko kwa kandarasi, na mwezi ukikaribia kuisha huja kwangu kuchukua unga kwa deni. Namwandikia kwenye daftari wala simuulizi kitu, kwa sababu najua atalipa akilipwa. Watoto wa miaka minne wanatumia choo cha watoto wakubwa, na shimo lake, niwieni radhi, limechimbwa kwa miguu ya mtu mzima.

Siku ya basari sasa. Hema, viti vya kukodi, spika mbili, na ile cheki ya kadibodi ndefu kama mlango, yenye picha ya mheshimiwa, mwakilishi wadi wetu, kubwa kuliko jina la shule. Pesa ni zetu, kazi si ya kaunti, shukrani zinamwendea yeye. Hapo ndipo panaponikera, zaidi hata ya sheria. Aliyekulipia karo hutamuuliza habari ya barabara. Na kazi ya mwakilishi wadi, mjumbe wetu katika bunge la kaunti, ni kuuliza maswali kwa niaba yetu: gavana alitumiaje pesa, zabuni ilikwenda kwa nani. Mtu anayegawa pesa za gavana atamuuliza gavana nini?

Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Dkt. Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti kwamba zisitoe basari bila mkataba na serikali kuu, kwa kuwa kazi hiyo si yao. Magavana wakapiga kelele, suala likafika mahakamani, waraka ukasimamishwa. Wabunge na magavana ambao hawakubaliani hata saa ngapi jua linachomoza, kwenye basari kila mmoja anataka awe ndiye mgawaji.

Maswali yangu mawili. Kuna yeyote hapa, Nakuru, Kisumu au huko Magharibi, aliyewahi kulisema hili akasikilizwa? Na nikitaka kuliandika rasmi badala ya kupigania kipaza sauti, naanzia wapi?

MamaWawili_Rhonda

Mzee shikamoo. Nimekusoma hadi mwisho, na sikuzomei. Lakini wewe unaongea ukiwa na kinu.

Mimi naishi Rhonda, mjini Nakuru, na nafua nguo za watu Section 58 na Milimani. Binti yangu yuko sekondari ya kutwa. Tunaambiwa kutwa ni bure. Bure gani? Kuna pesa ya chakula cha mchana, kuna sare, kuna karatasi za mtihani, kuna "mchango wa wazazi" ambao ukiuliza unaitwa mkorofi. Basari ya wadi ikija, hata ikiwa shilingi elfu nne, mwalimu mkuu anaacha kumtuma nyumbani kwa wiki kadhaa. Hizo wiki kwangu ni kubwa.

Unasema kazi ya kaunti ni chekechea. Sawa. Mtoto wangu haishi kwenye Jedwali la Nne, anaishi Rhonda. Serikali kuu ikishindwa na kaunti ikiambiwa si kazi yako, anayebaki na kazi ni mimi. Na nyinyi wahafidhina mtasema "wazazi kwanza", halafu mtaenda kulala.

Hema na spika, hapo nakuunga mkono. Mara ya mwisho nilipoteza kibarua cha siku nzima nikingoja mheshimiwa afike, ili apigwe picha akinipa karatasi ambayo ingetumwa shuleni moja kwa moja.

KaraniMstaafu (Kisumu)

Mzee Kinu, nilifanya kazi kwenye ofisi za umma kwa muda mrefu, na mikutano ya namna hiyo nimeandikia kumbukumbu hadi mkono ukafa ganzi. Nikuambie ukweli: kikao cha Aprili ni cha kupunga hewa. Ukifika pale pesa zimeshagawanywa.

Fuata kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari, na huo ndio unaoamua kila idara itapata kiasi gani. Makadirio yenyewe huja kufikia 30 Aprili. Mtu anayetaka chekechea ipate fungu lazima aonekane Septemba na Februari, wakati hakuna hema wala soda. Huwa tunawaona watu wachache sana miezi hiyo, wengi wao wanakandarasi.

Kuhusu mwakilishi wadi, umegusa pazuri kuliko ulivyodhani. Soma kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kinamkataza mjumbe wa bunge la kaunti kujihusisha, waziwazi au kwa kuzunguka, na kazi za utendaji za kaunti, au kutoa huduma kana kwamba ni mwajiriwa wake. Sasa ile cheki ya kadibodi uiweke mbele ya kifungu hicho uone itakavyosimama.

Ombi rasmi: kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, hata kutunga au kufuta sheria. Lakini kabla ya ombi, tafuta habari. Tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika barua fupi uombe vitu vitatu tu: fungu la chekechea (mishahara kando na ujenzi kando), fungu la basari pamoja na gharama za kuigawa, na nakala ya mkataba na serikali kuu kuhusu basari, kama upo. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Hapa Kisumu ina ofisi.

Mama Wawili, sikubishii. Lakini angalia: serikali kuu iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka. Pesa hizo zikifika pungufu au zikichelewa, mwalimu mkuu anakugeukia wewe. Basari ya kaunti inaziba shimo ambalo mwingine amechimba, na aliyelichimba haulizwi.

Omundu_wa_Lurambi

Wazee, mnaongea vizuri lakini mmesahau matanga. Mkiondoa basari, mheshimiwa atasimama mazishini aseme nini? Huku Kakamega bila orodha ya waliopewa karo hotuba haifiki dakika mbili. Nami ningefurahi sana, maana jua la saa nane na hotuba za wanasiasa vimetutesa kuliko msiba wenyewe.

Endeleeni.

Kijana_Kondele

Mimi nina swali kwa Mzee. Wahafidhina wa Kenya mko wapi mambo makubwa yakija? Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wangu na mwajiri 1.5 nyingine, sheria ikapita Machi 2024. Nyumba sijaiona. Juni 2024 vijana wakatoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake hadi rais akauondoa. Sikumwona msaga unga hata mmoja. Mlikuwa mnatuambia tuwaheshimu wakubwa. Leo mnapata ujasiri wa kupigana na elfu nne ya mama wa Rhonda?

MzeeKinu (Njoro)

Kijana, umeuliza vizuri, nitakujibu vizuri. Kuchoma bunge sikuunga mkono na sitaunga. Kupinga kodi niliunga mkono, na mashine yangu inajua, kwa sababu kila dizeli ikipanda mama wa gorogoro moja ndiye hulipa. Ushuru wa nyumba naupinga kwa sababu ileile ninayoipinga basari ya kaunti: pesa inatolewa mfukoni mwa mtu, inazungushwa mbali, inarudi ndogo, na inarudi na picha ya mtu. Mama wa Rhonda nisimguse kwa sababu ni maskini? Sasa nani amemfanya asimame juani siku nzima kungoja pesa yake mwenyewe?

Mama Wawili, marahaba. Una haki ya kuniuliza habari ya kinu. Hiki kinu nilikinunua kwa mkopo wa sacco na ng'ombe wawili, lakini sitaki kukuchosha na hadithi za wazee. Nataka ujue sitaki binti yako arudishwe nyumbani. Nasema hivi: karo ya sekondari ni kazi ya serikali kuu, basi ilipwe yote na serikali kuu, ipelekwe shuleni moja kwa moja, mapema, bila fomu ya kusainiwa na chifu, pasta na mwalimu mkuu. Leo kuna basari ya kaunti, kuna ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, kuna ya wizara, kuna wafadhili. Mzazi mwenye nguvu za kutembea anapata kotekote, na mjane asiye na nauli ya kufika ofisi ya wadi hapati hata moja. Nimeona familia ya mtu mwenye duka ikipewa, na nimeona mtoto wa mgonjwa akikosa kwa sababu fomu ilikosa mhuri.

Hata hiyo CDF, Mahakama Kuu ilishasema Septemba 2024 kwamba sheria yake ya 2015 inakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa hadi 30 Juni 2026. Hoja ilikuwa ya namna hii hii: mbunge hawezi kutunga sheria, kukagua pesa na kuzigawa. Kwa nini mwakilishi wadi aruhusiwe?

Tena kuna jambo watu hawalisemi. Mtoto wa PP1 hana kura na mama yake bado ni kijana, hajajua kupiga kelele. Mwanafunzi wa kidato cha nne keshokutwa anachukua kitambulisho, na uchaguzi wa 2027 huo hapo. Kwa hiyo pesa inamfuata anayekaribia debe. Kaunti ya Nakuru hupata zaidi ya shilingi bilioni 13 kwa mwaka kama mgao wake kutoka serikali kuu. Siamini kwamba humo hakuna choo cha mtoto wa miaka minne.

Karani, ahsante sana. Nimeyanakili hayo ya Septemba na Februari kwenye ukuta wa kinu kwa chaki, juu ya bei ya kusaga. Watu wameanza kuniuliza ni deni la nani.

Omundu, wewe nakujua, hata kwenye msiba utacheka.

MamaWawili_Rhonda

Kama ni hivyo, ombi lako usiliandike "basari iondolewe". Andika kwanza sekondari ilipwe yote, kisha ndipo kaunti irudi kwenye chekechea. Ukianza na kuondoa, nitakuwa wa kwanza kukuzomea. Mpangilio una maana kwa mtu ambaye mtoto wake yuko darasani leo.

Na uongeze kuhusu vituo vya kulea watoto. Umesema viko kwenye orodha ya kaunti. Mimi sijawahi kuona kimoja cha kaunti hapa mtaani. Kitindamimba wangu namwacha kwa jirani anayelea watoto kumi na kitu kwenye chumba kimoja, nalipa kila siku. Hilo ningekuja kulisema hata Februari.

Nitumie ukimaliza. Nitasoma kabla sijatia sahihi, na nikikubali nitakuletea majina ya akina mama wa Rhonda na Kaptembwo.

MzeeKinu (Njoro)

Mpangilio nimeukubali. Vituo vya kulea watoto nitaviweka aya ya pili. Karani, nichape kwa mashine au mkono unatosha?

KaraniMstaafu (Kisumu)

Chapa. Kurasa mbili zisizidi, useme waziwazi unataka bunge lifanye nini, na kila aliyetia sahihi aandike jina kamili na nambari ya kitambulisho. Elekeza kwa karani wa bunge la kaunti, si kwa mheshimiwa wako. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke kwenye dirisha bila huo mhuri, hata wakikuambia mwenye mhuri ameenda chai.