Tupeane uzoefu: una maswali gani unayoiuliza kampuni kabla ya kununua hisa zake?

Mwanzisha mada
Ndugu wawekezaji, salaam. Naomba tuelezane namna kila mmoja anavyosoma taarifa za fedha kabla ya kununua hisa, hasa wale wenye orodha ya maswali iliyoandikwa, si ya kichwani tu. Yangu nimeichota katika vigezo 9 alivyovichapisha mtaalamu wa uhasibu wa Marekani, Joseph Piotroski, mwaka 2000, ambapo kampuni hupata alama 1 kwa kila kigezo inachotimiza: kwa mfano iwe na faida, isiwe imetoa hisa mpya, na uzito wa deni lake la muda mrefu uwe umepungua. Vingi kati ya vigezo hivyo hulinganisha mwaka huu na uliotangulia, kwa hiyo taarifa ya mwaka mmoja haikufikishi popote. Alama hizo sizitumii kuchagua, nazitumia kukataa: kampuni isiyofikisha 5 naiweka kando, hata isifiwe vipi.

Mchangiaji wa kwanza
Mimi huanzia kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, kwa sababu mauzo ya mkopo huingizwa kwenye faida kabla mteja hajalipa chochote. Niliwahi kufuatilia kampuni moja ya usambazaji ambayo faida yake ilipanda mwaka hadi mwaka huku fedha zitokanazo na uendeshaji zikipungua. Nilipofungua mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, nikakuta kiasi inachowadai wateja kinakua kwa kasi kuliko mauzo yenyewe. Sikununua. Baadaye ilitangaza kufuta sehemu kubwa ya madai hayo, na faida iliyokuwa ikishangiliwa ikayeyuka.

Mchangiaji wa pili
Nakubali, ila kigezo hicho peke yake hakitoshi. Mwaka 2002 kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani ilikiri kwamba zaidi ya dola bilioni 3.8 za gharama za kawaida, nyingi zikiwa malipo ya kutumia mitandao ya kampuni nyingine, ziliandikwa kama uwekezaji katika mali. Gharama ikihamishwa hivyo, faida inavimba, na fedha za uendeshaji nazo zinavimba pamoja nayo, kwa kuwa malipo yamesogezwa kwenye fungu la uwekezaji. Anayelinganisha faida na fedha za uendeshaji peke yake asingeona kitu. Ndiyo maana orodha yangu inadai nitoe kwanza fedha zilizotumika kununua mali, halafu nitazame kilichobaki kwa miaka 5 mfululizo. Kazi inachosha, nakiri, lakini hapo ndipo kampuni nyingi huanguka.

Mchangiaji wa tatu
Kwangu, maoni ya mkaguzi kwanza. Kama hati yake si safi, yaani ana mashaka na hesabu, siendelei.

Mchangiaji wa nne
Ningependa kuongeza kwamba orodha hizi zote zinakwama kwenye benki. Amana za wateja kwa benki ni deni, na kukopesha ndiyo biashara yenyewe, hivyo uwiano wa mali na madeni ya muda mfupi hauna maana, na mtiririko wa fedha hupanda na kushuka kwa kufuata amana na mikopo. Kwa benki nauliza mengine: mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ni sehemu gani ya mikopo yote, akiba iliyotengwa kwa hasara inaifunika kwa kiasi gani, na mtaji umezidi kwa kiasi gani kiwango cha chini kinachotakiwa na msimamizi wa mabenki. Majibu mengi yamo kwenye maelezo ya hesabu, kurasa za nyuma ambazo wengi hawazifungui.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Nimeongeza kipengele cha fedha zinazobaki baada ya ununuzi wa mali, na benki nitazitungia orodha yake. Anayefuatilia kampuni za bima naye atuwekee maswali yake, maana huko ada hupokelewa leo na madai hulipwa baadaye, kwa hiyo fedha nyingi mkononi huenda si dalili ya uzima.