Kigari kidogo cha raha kuendesha, bajeti milioni 13, nichukue kipi?

paje_kila_siku

Asalaam aleykum wadau. Mie nakaa Fuoni, kazi yangu iko hoteli moja upande wa Paje, kwa hiyo kila siku ya Mungu kwenda na kurudi ni kilomita themanini na kitu. Sasa hivi natumia Passo ya cc 1000. Kosa haina, mafuta inanusa tu, ila raha hata chembe, ukikata kona inalala ubavu kama ngalawa imekutwa na kusi.

Sasa juzi mshkaji wangu kanipa Swift Sport yake ya gia za mkono niiendeshe kutoka Tunguu mpaka Jozani, wallahi toka siku ile sina raha na Passo yangu. Si kwamba tulikwenda mbio, mbio gani na ile njia ina vijiji na trafiki kila mahali, lakini kile kigari unakielekeza tu kinakwenda, unashusha gia kinaitika, nikashuka nacheka peke yangu kama mwehu.

Bajeti milioni 13, nikijibana sana 14, na Passo ntaiuza. Nna mke na mtoto wa miaka mitatu kwa hiyo milango ya nyuma lazima, mama watoto kashasema nikileta gari ya milango miwili nikalale nayo huko huko nje. Nimezitia macho Swift Sport, Vitz RS, Demio Sport na Honda Fit RS. Spea zake vipi hapa Unguja? Ipi itastahamili? Na gia za mkono kila siku si adhabu jamani, hasa jioni ukiingia mjini?

mzee_wa_vespa

Nunua Vespa. Mtoto asimame mbele mama akae nyuma. Akizaliwa wa pili nunua Vespa ya pili.

kijana_wa_mombasa

(Mombasa hii yetu ya Unguja, wasije watu wakaniuliza habari za Kenya.)

Usimsikilize mzee. Mie nnayo Vitz RS ya 2006, chasisi NCP91, manuali, mwaka wa tatu huu na sijajuta. Kwanza injini yake ni 1NZ, cc 1500, hii hii iliyomo kwenye Probox na IST ya 1.5, sasa niambie hapa Unguja kuna fundi gani asiyeijua injini ya Probox? Plagi, koili, pampu ya maji, mauntingi, unakwenda Darajani au Kwerekwe unatoka nacho siku hiyo hiyo. Nguvu farasi 110 tu, kwenye makaratasi Swift inaipiga, ila kigari chenyewe chepesi na hizo 110 ukizitumia vizuri hapa kisiwani utazimaliza wapi? Kutoka Nungwi mpaka Makunduchi urefu wa kisiwa chote haufiki hata kilomita 100.

Ubaya wake siufichi, dashibodi ile ya katikati wengine hawaipendi, kiti hakikushiki kwenye kona kama cha Swift, na ndani plastiki inalia lia ukipita njia ya kifusi. Na watu watakuita bebi woka tu hata uwabandikie RS kubwa kama ubao wa skuli.

Halafu yupo mtu lazima atakwambia kanunue Dar kuna nyingi. Sawa, lakini gari ya kule kuileta huku, na hii yetu ya namba ya Z kuipeleka kule, kote kuna makaratasi na pengine ushuru. Nenda ZRA, watu wa mapato wa Zanzibar, kaulize kwanza kabla hujalipa hata senti ya nauli ya boti.

fundi_kwerekwe

Mdogo wangu, wewe unauliza aina ya gari. Mie ntakwambia suali la kuuliza, nalo ni hili: hii gari imelala wapi?

Hapa kwetu injini haziui magari, chumvi ndo inaua. Gari imeegeshwa miaka minne nje ya hoteli upande wa mashariki, kusi likianza linaimwagia chumvi usiku kucha, haioshwi chini, inaoshwa juu tu ili ing'are. Nyingine wenyewe wanaziingiza mchangani maji yakitoka wapige picha. Baada ya hapo inapigwa rangi inaletwa mjini, dalali anakwambia ilikuwa ya mwalimu.

Mwezi uliopita kaja kijana na kigari kama hivo unavovitaka, rangi nyeusi inawaka, rimu nzuri, kashatoa nusu ya pesa. Nimeweka jeki pale chini ya mlango, pale panapotakiwa kuwekwa. Nikaanza kuzungusha. Jeki ikapanda, gari ikabaki pale pale. Nasikia krrr krrr kama mtu anatafuna kashata. Bodi lote la chini limejaa puti na rangi nyeusi ya lami, bati hakuna. Yule kijana hakusema neno, kakaa juu ya tairi kuukuu kimyaaa. Kwa hiyo ukienda kuangalia gari chukua bisibisi, gonga gonga kwa mpini wake chini ya milango yote minne, chini ya zulia la mbele, na lile shimo la tairi la spea. Bati zima linalia ngaa, bati lililooza linalia puu. Mwenye gari akikukataza kugonga shukuru Mungu, kashakujibu bila pesa.

Sasa tuje kwenye hizo zako.

Swift Sport nzuri, sikatai. Hii ya chasisi ZC31S ni cc 1600 farasi 125, gia tano za mkono au otomatiki ya gia nne. Iliyofuata ZC32S farasi 136, gia sita za mkono au CVT, yaani otomatiki isiyo na ngazi za gia, ila hiyo kwa milioni 13 sijui kama utaikuta nzima. Angalia sana sahani ya chasisi. Hapa mjini Swift za kawaida zimevishwa bampa na nembo ya Sport chungu nzima, nembo inauzwa kama sahani za chai. Kama chasisi inasoma ZC11S hiyo ni 1.3 hata ingeandikwa Ferrari. Ile Sport ya kweli ya ZC31S ina mabomba mawili ya moshi, moja kila upande, na breki za nyuma ni za disk. Jengine, kule Japani imeandikiwa petroli ya okteni ya juu, Vitz RS inakunywa ya kawaida. Na tairi zake 195/50 inchi 16, mbavu fupi, ukiingia shimo lililojaa maji rimu ndo inapokea salamu.

Injini ya hiyo Swift ni ya cheni ya taimingi siyo mkanda. Watu wanasikia cheni wanadhani haina matunzo, wanapitiliza oili, cheni inalegea. Kwa hiyo iwashe asubuhi ikiwa baridi kabisa. Ukisikia inakwaruza upande wa cheni na haitulii, rudi nyumbani. Ukifika ukakuta gari imeshawashwa na boneti ya moto, mwambie mwenyewe utarudi kesho.

Klachi unaipima hivi: uko mwendo wa polepole, tia gia ya nne, kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko ya injini ukiruka juu na gari haiendi, klachi imekwisha. Gia ya pili nayo ishushe ukiwa na mwendo kidogo, ikikwaruza ujue kuna mtu alikuwa anajifunzia mashindano humo.

Fit RS sina ugomvi nayo, farasi 120 ile ya chasisi GE8, na kwa mtu mwenye mtoto ndo yenye nafasi kuliko zote, tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele kwa hiyo viti vya nyuma vinalala mpaka chini, hata friji utabeba. Ila kama ni CVT tia oili yake yenyewe ya Honda, wengi wanatia yoyote halafu wanakuja kwangu gari inatetemeka ikiondoka.

La mwisho. Ile raha uliyoisikia kwa rafiki yako nusu yake ni bushi nzima (zile raba za miguuni mwa gari) na tairi nzuri. Bushi za mbele zikifa hata hiyo Swift itatangatanga kama Passo yako. Bakisha milioni moja pembeni kwa bushi, shokabu na tairi mpya siyo za mtumba, usinunue gari kwa senti ya mwisho.

bint_chake

Fundi umesema kweli tupu, ila Demio umeiruka juu juu kama haipo, sasa niitetee mie.

Mie mwalimu, niko Chake, Pemba, naendesha Demio ya 1.5, chasisi DE5FS, gia tano za mkono, mwaka wa nne huu. Hii ndo ile Mazda waliyoipunguza uzito kama kilo 100 ukilinganisha na iliyotangulia, wakati wenzao wote magari yanazidi kunenepa, na 2008 ikapewa gari bora ya mwaka ya dunia. Farasi 113 tu. Lakini nyie wa Unguja njia zenu zimenyooka, hamjui utamu wa kigari chepesi mpaka mje Pemba. Chake kwenda Mkoani ni mlima kona mteremko kona, na ile njia ya zamani ya Wete ndo usiseme. Unapanda na gia ya tatu, kona ikija unaachia mafuta kidogo tu, pua inaingia yenyewe. Mwendo labda hamsini. Hamsini! Na moyo unafurahi kuliko mtu aliye mia na ishirini ndani ya Prado.

Msimu wa karafuu wala huendi hata hiyo hamsini, maana watu wameanika majamvi yao pembeni ya lami, kuna watoto, kuna bibi anageuza karafuu kamgeuzia mgongo barabara. Unashusha kioo, gia ya pili, harufu inaingia garini mpaka kwenye viti. Hapo ndo nafurahia gia za mkono, gari iko mikononi mwangu, inakwenda taratibu nnavotaka mie. Kwa hiyo kuhusu adhabu, wiki mbili za mwanzo mguu utauma, baada ya hapo utasahau kama kuna klachi.

Ubaya: ina kelele za tairi, springi ngumu, buti dogo (kigari cha mtoto cha kusukuma kinaingia lakini ukatae mfuko wa mchele), na spea si kama Toyota. Niliwahi kungoja wiki tatu boljointi itoke Dar. Kama kila siku lazima uingie kazini Paje, hilo ulifikirie. Mie nikikosa gari naenda skuli kwa miguu.

mzee_wa_vespa

Vespa haina boljointi.

paje_kila_siku

Ahsanteni sana wote, na mzee wangu nawe ahsante, mama watoto kakucheka kasema hapandi.

Nimezunguka siku nne. Swift ya kwanza Bububu, tangazo limeandikwa Sport, nikafunua boneti nikasoma chasisi, ZC11S. Nikamwambia dalali, akasema "hizo ni herufi tu". Ya pili Vitz RS nyeupe, nzuri, nikamuuliza imelala wapi, dalali kacheka kasema imelala kitandani. Pale pale mtoto mmoja wa jirani alokuwa anachezea baiskeli akadakia, "si ile gari ilokuwa Nungwi ya wazungu wa kupiga mbizi?" Dalali kamtazama yule mtoto, sitaki kusema alivomtazama. Nikagonga na mpini kama fundi alivosema. Puu. Mlango wa pili, puu.

Sasa ya tatu ndo imenikosesha usingizi. Vitz RS nyengine, 2007, NCP91 nimeisoma mwenyewe, rangi ya fedha, ina mkwaruzo mkubwa mlango wa nyuma na kitambaa cha kiti kimechanika. Mwenyewe mama mmoja mtu mzima wa Amani, muuguzi mstaafu, gari ilikuwa ya mwanawe alokwenda kusoma. Inalala ndani ya ua chini ya bati. Nimegonga kote inalia ngaa. Nimeiendesha mpaka Fuoni na kurudi, gia ya pili laini, klachi kama inashika juu kidogo. Mbele kulia ukipita tuta inagonga kitu, tok, mara moja tu. Anataka 12 na nusu. Haina ule ukali wa Swift, siwadanganyi, lakini niliporudi kwenye mzunguko wa Amani nilipitiliza nikazunguka mara ya pili bila sababu.

Fundi, hiyo tok ni nini? Na Jumamosi una nafasi uje uiangalie?

kijana_wa_mombasa

Ukizunguka mara mbili ushanunua wewe. Mkwaruzo usiutengeneze, wezi hawapendi gari yenye mkwaruzo.

fundi_kwerekwe

Tok moja kwenye tuta labda linki ya stabilaiza au mauntingi ya shokabu, vyote si pesa nyingi. Ikiwa boljointi ntaiona. Klachi kushika juu maana yake imeliwa, haijafa, ila mwambie bi mkubwa kwa adabu apunguze laki tatu nne, usimvunjie heshima mama wa watu kwa kuponda gari ya mwanawe.

Jumamosi ntakuja saa moja asubuhi, mwambie asiiwashe mpaka nifike. Jeki nakuja nayo mwenyewe.