Mwanangu anaongea Kiingereza cha Liverpool na lafudhi yenyewe hainiingii. Nimnyooshe au nimwache?

Mama Nasra:
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri, na najua mtacheka, chekeni halafu mnijibu.

Tunaishi Liverpool na mume wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka tisa. Alipoanza shule alikuwa na Kiingereza cha kwetu, kile cha kila silabi kusikika. Sasa hivi ni Scouse mtupu, ile lafudhi ya Liverpool. "Book" kwake inaishia na kh, ile ya Khamisi, inatoka kooni kabisa. Akituuliza mimi na baba yake kama tuko tayari, anasema "youse ready?". Mimi mwenyewe siku hizi ni "me mum".

Ukweli siipendi. Mzee wangu alikuwa mtu wa BBC, redio haizimwi, nikakua nikijua Kiingereza ni kile kilichopigwa pasi. Ningeambiwa nichague ningechukua Edinburgh, wanaongea taratibu na r zao zote zipo. Newcastle nusu siielewi lakini naipenda. Yule wa huduma kwa wateja akiniita "pet" kwenye simu, hasira za bili zinaisha. Hawa wa kwangu, hata wakibembelezana nasikia kama wanagombania kiti cha daladala.

Sasa wifi yangu yuko mji wa Reading, huko kusini, na wanawe wanaongea kama wasoma habari. Kila tukikutana anamwambia wangu "hebu rudia hilo neno", watu wanacheka. Juzi mtoto kaniuliza, "Mama, kwani mimi naongea vibaya?" Nikakosa jibu. Kuna mwalimu wa matamshi anafundisha mtandaoni, bei yake si ndogo. Nimlipe?

Mgosi wa Pongwe:
Hiyo hela ya mwalimu mlipie wifi nauli aje kwako mara moja kwa mwaka, tena mwezi wa pili kwenye baridi. Mengine utaona yanakaa sawa.

Shabiki wa Kisauni:
Yakhe, wewe wachezea bahati! Mimi nipo Mombasa hapa, kila wikendi nikimsikiza Carragher, yule beki wa zamani wa Liverpool, akichambua mechi, ile sauti yapanda yapanda mpaka yavunjika, nasema huyu ndiye. Mtu wa Bootle huyo, hapo hapo ubavuni mwenu. Amekaa kwenye televisheni miaka yote hiyo na hajabadilisha hata herufi moja. Mwanao apewa bure, nawe wataka kulipa aondolewe!

Mlezi wa Glasgow:
Dada, umeisifu Edinburgh, mbona huku kwetu hujafika? Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mwanzoni nilikuwa naitikia "yes" kwa kila kitu, mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nimeoa, nikasema yes, akaniuliza kama bado natafuta mke, nikasema yes. Wakacheka chumba kizima.

Ila sikio likishazoea, kwa mtu wa Kiswahili Kiskoti ni rahisi kuliko cha London. "Car" ina r yake mwishoni. "Go" ni o moja safi kama yetu, haizungushwi mdomoni. Kitu kidogo ni "wee", ndiyo ni "aye", basi. Wanachonishinda ni kuimeza t, "water" inabaki "wa'er", na spidi. Kama umewahi kumsikia Alex Ferguson, yule kocha wa zamani wa Man United, akihojiwa baada ya kufungwa, ujue huyo ni wa Govan, hapa hapa Glasgow, na hapo amejitahidi mwandishi amwelewe.

Mimi nimeipenda hii kuliko zote. Miaka miwili nyuma nisingesema hivyo. Kwa hiyo nawe usijifungie mlango.

Bi Mkubwa Erdington:
Mleta mada, mimi ni wa Birmingham, kwa hiyo nisikilize. Mwaka 2004 BBC iliwauliza watu zaidi ya 5,000 maoni yao kuhusu lafudhi 34. Ya kwetu ilishika mkia. Yenu ya Liverpool nayo haikuwa mbali na sisi.

Lakini mimi nilipotua hapa sikusikia ubaya wowote. Niliona watu wanavuta maneno, sauti inashuka mwishoni, nikadhani wamechoka na kazi. Dereva wa basi ananiita "bab", mie roho kwatu. Ubaya nilifundishwa baadaye, na Waingereza wenyewe: wakisikia Birmingham wanaona viwanda na moshi, wakisikia Scouse wanawaza bandari na migomo. Sasa jiulize, wewe chuki hiyo umeitoa wapi, sikioni au kwenye redio ya mzee?

Tumaini Leeds:
Tusidanganyane lakini. Kwenye usaili lafudhi inahesabiwa, hata kama hawaandiki popote. Mtoto mweusi mwenye Scouse nzito atapimwa mara mbili. Si haki, ila ndivyo ilivyo.

Hata hivyo mwalimu simshauri. Mfundishe kupunguza mwendo na kumaliza maneno anapoongea na mtu asiyemzoea. Huku Yorkshire niliwahi kuambiwa zamu ni "nine while five". Nikabaki nimeduwaa, kumbe "while" yao ni mpaka. Msimamizi hakubadili lafudhi, alirudia tu kwa namna nyingine. Ufundi ndio huo.

Mwalimu Mstaafu:
Nimefundisha Kiingereza sekondari Morogoro. Huyo BBC wa baba yako naye ana historia. Mwaka 1941, vita vimepamba moto, walimpa Wilfred Pickles wa Yorkshire asome taarifa ya habari kwa lafudhi yake. Akawaaga watu wa Kaskazini kwa "good neet", yaani "good night" ya kwao. Wako waliokasirika kana kwamba Hitler keshatua, hata watu wa Kaskazini wenyewe walikuwamo. Leo hakuna anayeshangaa.

Na hiyo kh unayoilalamikia ina ukoo mrefu. Liverpool ni bandari. Waayalandi waliingia kwa makundi makubwa wakati wa njaa ya viazi miaka ya 1840, wakakuta watu wa Lancashire na Wawelshi, lugha ikapikika humo. Wewe mtu wa pwani unashangaa nini bandari ikiwa na lafudhi yake?

Mtoto wa miaka tisa anashika lafudhi ya wenzake wa uwanjani, si ya mama wala ya mwalimu wa kulipwa. Ukimnyoosha atajifunza kitu kimoja, kunyamaza mbele yako. Msomeshe vitabu kwa sauti, basi. Akifika miaka 15 atakuwa na mbili na atajua ipi ya wapi.

Mama Nasra:
Asanteni sana. Bi Mkubwa umenigusa penyewe, ni redio ya mzee hiyo. Kuipenda bado siipendi, msinilazimishe, lakini mwalimu nimeachana naye. Mtoto nimemwambia anaongea kama watu wa mji wake. Kanijibu "sound, that", yaani poa hiyo kwa Kiscouse, nikaenda zangu jikoni.

Swali limebaki moja: wifi anakuja Pasaka.

Mgosi wa Pongwe:
Umpeleke sokoni kwa muuza samaki, amwagize kilo mbili. Wewe kaa nyuma na mwanao, akishindwa kuelewa bei mtoto amtafsirie.