Tupeane uzoefu: vituko vya kuagana mlipomaliza form four, la saba au junia

Mzee wa Prepo

Wakuu habari za jioni. Msimu wa mahafali ndo huu, kila Jumamosi ukipita njiani unakuta turubai, spika mbili na MC anayelazimisha wazazi wacheke. Mahafali ya mgeni rasmi wote tunayajua, kwaya, ngonjera, risala yenye changamoto kumi, mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji anapanda gari anaondoka. Hayo tuyaache. Nataka yale mengine mliyojifanyia wenyewe bila kibali cha mtu, bwenini usiku au nyuma ya madarasa. Kwa mtazamo wangu yale ndo yalikuwa mahafali yenyewe, ya mchana yalikuwa ya wazazi na mpiga picha.

Naanza mimi. Nilisoma boarding ya wavulana Kanda ya Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwetu wageni wakishaondoka, form four wote tunarudi bwaloni kufanya mahafali ya pili na mgeni rasmi anakuwa mpishi. Sio mtu anaigiza mpishi, hapana, mpishi mwenyewe, mzee mmoja aliyekuwa anasonga ugali kwa mwiko mrefu kumzidi njuka, yaani form one mgeni. Anawekewa kiti cha mbele, anavishwa shada la karatasi za chooni, anapigiwa makofi ya kilo, halafu inasomwa risala. "Ndugu mgeni rasmi, tulianza safari yetu tukiwa 120 na tunaomaliza ni 97. Wengine walihama, wengine waliacha shule, na mmoja bado yuko kantini anasubiri chenji yake tangu form two." Kwenye mafanikio tukasema tumeishi na wadudu wa maharage kwa amani na utulivu bila kubaguana. Kwenye changamoto, nyama huwa inaonekana kwa wanaokaa meza za mbele tu. Kwenye maombi, tunaiomba serikali ilete watu wa mizani waje kupima upawa wa kiranja wa chakula.

Sasa mzee akisimama kujibu ndo utapenda. Yule alikuwa ameshawasikiliza wageni rasmi wengi kuliko hata mkuu wa shule, maneno yao yote anayo. Anakohoa kidogo, anashika koti lake la jikoni vizuri, anasema "risala yenu nimeipokea, imeandikwa kwa hisia. Suala la wadudu liko kwenye mchakato. Suala la nyama ni mtambuka, linahitaji wadau." Watu chini kabisa, wengine wanatokwa machozi. Halafu akamalizia kwa ahadi moja, na kusema ukweli ndo mgeni rasmi pekee niliyewahi kumuona anatekeleza ahadi papo hapo, maana alikuwa ameficha stoo sufuria zima la ukoko wa pilau.

Haya karibuni, msione aibu.

Kiti Changu

Mkuu nyie mlikuwa na bwalo na mpishi, sisi wa shule ya kata tulikuwa na mwembe. Niliingia form one 2007, zile shule zilizoota kila kata, barua ya kujiunga inakwambia uje na kiti, meza, jembe, fyekeo, ndoo na fagio la chelewa, mtu unajiuliza hivi naenda kusoma au nahamia shambani. Mwalimu wa hesabu mmoja shule nzima, kuanzia form one mpaka sisi.

Basi wiki ya mahafali 2010 darasa likakaa likaamua Hesabu afe azikwe. Jeneza boksi la chaki. Ndani tukamlaza fofiga (kile kitabu cha majedwali ya hesabu) aliyechanika, bikari bila ncha, na karatasi zetu za moko, ule mtihani wa majaribio, zile zenye wino mwekundu kuliko wa bluu. Shimo lilichimbwa vizuri sana maana majembe si tulileta wenyewe. Kukawa na kamati ya mazishi, daftari la rambirambi (lilipata hela, tukanywa soda), na mfiwa mkuu. Mfiwa tulimteua yule jamaa mmoja aliyekuwa anafaulu hesabu peke yake, tukasema huyu ndo ndugu wa damu wa marehemu sisi wengine ni majirani tu tumekuja kushiriki, akakalishwa kwenye mkeka, watu wanapita wanampa mkono, na yeye akalia kweli mshenzi yule, alikuwa na kipaji kikubwa.

Mchora katuni wa darasa akasoma wasifu. Marehemu aliugua muda mrefu toka form one kwenye aljebra, akapelekwa tuisheni, hali ikazidi kuwa mbaya alipofika kwenye logarithimu, na mpaka umauti unamkuta ameacha watoto wengi sana wenye F. Hapo ndo tukaona mwalimu wa hesabu amesimama nyuma yetu, na hatukujua alifika saa ngapi. Kimya. Wenye mbio wakaanza kupima uzio. Mwalimu akavua kofia, akapita katikati, akaokota udongo akautupia kwenye boksi, akasema "nawapa pole wafiwa wote. Ila napenda kuwataarifu kwamba marehemu atafufuka siku ya mtihani wa taifa, baraza la mitihani wameshathibitisha." Akavaa kofia akaondoka zake.

Na alifufuka kweli, na wengi wetu alitufuata mpaka nyumbani.

Ziro ya Kwanza

@Kiti Changu wenu alifufuka mara moja, wetu wa 2012 mara mbili. Matokeo ya form four yametoka Februari 2013 zaidi ya nusu ya watahiniwa tuna sifuri, nchi nzima kelele, Mei serikali ikayafuta yakapangwa upya. Mshikaji wangu akatoka ziro akaingia div four, daraja la mwisho la kufaulu. Baba yake alikuwa amemnunia muda wote huo, ikabidi aanze upya kumsalimia, na hakujua pa kuanzia, asubuhi akamwambia tu "naona umeamka".

Mama Mapacha

Mnaongelea form four, sisi wa la saba je? Kabla ya mtihani wa Septemba kila msichana alikuwa na daftari la otografu linazunguka darasani hata mwalimu akifundisha. Jina, jina la utani, chakula ukipendacho, soda, ukiwa mkubwa unataka kuwa nani, neno la mwisho kwa mwenye daftari. Darasa zima tulikuwa marubani na madaktari na chakula chetu chipsi kuku, na nawaapia kuna watu pale chipsi walikuwa hawajawahi kuziona zikikaangwa. Halafu ule ukurasa wenye kona imekunjwa imebanwa na pini imeandikwa SIRI USIFUNGUE, unafungua, ndani kumeandikwa "nilijua tu utafungua, mbea mkubwa wewe".

Kituko chenyewe ni shati. Tulisainiana mashati kwa maka peni mpaka mgongo ukajaa, mimi nikafika nalo nyumbani kwa maringo, kumbe mama kwenye hesabu zake lile shati ni la mdogo wangu wa la tano. Likalowekwa na jiki usiku kucha, majina yote yakatoka isipokuwa moja katikati ya mgongo, USINISAHAU, lile halikutoka hata kwa msasa. Mdogo wangu akalivaa hivyo hivyo mpaka akamaliza la saba. Walimu wakaacha kumuita jina lake. Paredi utasikia "Usinisahau, nenda kagonge kengele." Sasa hivi ana familia yake na simu za wenzake wa shule ndo zinavyoanza.

Ticha wa Junia

Salamu kutoka Kenya. Mimi nafunza junia, yaani gredi 7 hadi 9, na nitawaambia kuhusu hawa wa gredi 9 waliomaliza 2025. Hawa ndio wa kwanza kwa kila kitu, mtaala mpya wa CBC umekuwa ukifunguka nao mbele yao hakuna mtu. Wakaingia gredi 7 mwaka wa 2023 ndio junia ikaanza, 2025 wakawa wa kwanza kufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza junia. Sasa mila ya kuaga wangeitoa wapi? Kwa junia hawajawahi kuwa na wakubwa wa kuwaonea wala wa kuwaachia ujanja. Na zaidi ya hayo junia iko ndani ya kiwanja cha primary, kwa hivyo kijana mwenye ndevu anapanga laini ya maji na mtoto wa PP1, wa chekechea.

Waliamua hivi, kama sisi ndio wa kwanza basi tuzindue kila kitu kabla hatujaenda. Mmoja akavaa suti ya babake na miwani nyeusi, bodigadi wawili kando, wapiga picha na simu za karatasi. Utepe ulikuwa tai ya shule iliyochoka. Wakazindua mwembe. Wakazindua shimo la takataka. Wakafika kwa mfereji ambao tangu niripoti hiyo shule haujawahi toa maji, mheshimiwa akafungua kwa mbwembwe, kukatoka hewa, akageukia umati akasema "kontrakta amelipwa" watu wakapiga makofi. Kila mahali wanabandika karatasi, "umefunguliwa rasmi na gredi 9 waanzilishi". Hedi aliagiza zitolewe zote jioni hiyo na zikatolewa, lakini kuna moja iko kwa stafrumu hadi wa leo, kwa kiti cha mwalimu fulani ambaye hupenda kulala, imeandikwa "kiti hiki kimekaliwa rasmi".

Mtoto wa Ng'ambo

Sie Unguja skuli yetu ilikuwa karibu na pwani. Pepa ya mwisho imekwisha tu, mbio mpaka Forodhani, tunajitia baharini na sare zetu, wengine na viatu. Watalii wanapiga picha wanadhani ni ada ya kienyeji. Mzee mmoja kakaa ukutani anatutazama tu, tulipotoka akatwambia "haya wanangu, kuogelea mumefaulu wote, tusubiri hizo nyengine."

Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu huku Bara na niseme kidogo kinyume na wengine. Hii ya unga, mayai na maji ya mtaroni siku ya pepa ya mwisho mimi siipendi hata kidogo. Mayai watu wanatafuta ya kula. Na mara nyingi chini ya huo unga kuna kisasi, kiranja aliyekuwa anaandika majina ya wapiga kelele ndo anatafutwa, nimeshamficha mmoja ofisini kwangu mpaka magharibi, mtoto anatetemeka, wenzake wanaita huo ni utani.

Ndo maana siku hizi nawapa saa nzima Ijumaa kabla ya mahafali watuigize walimu mbele yetu, masharti ni moja tu, ukimuigiza mtu awepo. Mwaka mmoja akanyanyuka binti ambaye miaka minne sijawahi kusikia sauti yake darasani. Akavuta sketi juu kama ninavyovuta suruali, akageukia ubao, akaandika tarehe, akageuka "tupo pamoja?", akafuta tarehe, "tupo pamoja?", akapiga chafya, "tupo pamoja?" Nikapewa na cheti, kwamba wamehesabu kipindi kimoja na jumla imevunja rekodi ya shule. Mke wangu alikuwepo. Alicheka kuliko wanafunzi, halafu akawaambia hiyo bado, nyumbani hata ukimpakulia chakula anakuuliza.

Mwana Kivu

Siye huku Goma haiko siku ya kumaliza mutihani njo tunafurahi, ni siku matokeo ya Examen d'Etat, mutihani wa kumaliza sekondari, inatoka. Ukipata diploma banakumwangia poda nyeupe toka kichwa mpaka ku viatu, unatembea nayo mu mji muzima na mapikipiki zinapiga honi. Ndugu yangu balimwangia poda kumbe balisoma kodi, namba ya mutihani, ya mwenzake. Poda ile haiondoke mbio. Alilala kwa jirani.

Dada Bweni B

Boarding ya wasichana sisi tulikuwa tunaozesha ndoo. Ndoo ya form four haigawiwi bure, inaposwa. Njuka anakuja na mshenga, anatoa mahari, sukari au karanga, halafu anawekwa chini na kungwi anafundwa: huyu mkono wake umelegea usimvute kwa hasira, huyu hapendi maji ya moto, na ukimuazima mtu hakikisha amerudi nyumbani kabla ya kengele ya prepo, masomo ya usiku. Vigelegele vikazidi, matroni akaja mbio na tochi anajua kuna nyoka. Akaelezwa ni harusi. Akauliza mahari shilingi ngapi, tukamwambia nusu kilo ya sukari. Akasema hapa mama mzazi ni mimi na mkaja wangu haupungui robo. Tukampimia.