Tupeane uzoefu: Uliona nini angani usiku, na ulikifuatilia vipi? (Unguja na Pemba)

Mtazama Anga, Chake
Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na mlioko ng'ambo.

Visa vya vitu vinavyoonekana angani usiku, sekunde chache vikatoweka, tunavyo vingi. Tabu yake vinaishia barazani. Huyu atasema ndege, yule atasema jini, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya karafuu. Miye jambo hili linaniuma. Aliyeona kwa macho yake ana ushahidi, na ushahidi usipoandikwa mapema unapotea.

Basi naomba kisa pamoja na ufuatiliaji wake. Tupe saa, upande, muda kilioonekana, kama kulikuwa na sauti, na nani mwengine alikiona. Upande usikusumbue. Hapa visiwani tukielekea kibla tunaelekea karibu kaskazini kamili, kwa hiyo simama kama unayesali: kulia ni mashariki, kushoto magharibi. Kwa urefu, nyoosha mkono ukunje ngumi. Ngumi moja ni kama nyuzi 10 kutoka upeo wa bahari.

Kijana wa Wesha
Naanza mimi. Juni iliyopita, baada ya sala ya isha, tulikuwa pwani na wazee wanaotengeneza nyavu. Magharibi, upande wa Misali, ukatokea mwanga wa rangi ya chungwa. Haukumemeta. Ulipanda polepole mpaka kama ngumi mbili, ukawa kama umesimama, kisha ukafifia na kuzimika. Jumla haikufika dakika mbili. Sauti hakuna kabisa.

Mzee mmoja akasema ni ndege inayokwenda Tanga. Mwengine aliacha sindano ya nyavu akawa anavuta uradi tu.

Nilimpigia shemeji yangu Tanga usiku ule ule. Yeye na wenzake walikuwa nje ufukweni na hawakuona kitu. Hapo ndipo nilipopata la kufikiri. Kimondo huwaka juu sana, kilomita 80 mpaka 100 hivi, na kingewaka juu ya mkondo wa Pemba watu wa Tanga wangekiona vilevile. Kwa hiyo changu kilikuwa chini, na karibu na sisi kuliko wao. Zaidi ya hapo sijui.

Mtazama Anga, Chake
Hicho ndicho ninachokitaka. Kumpigia mtu wa ng'ambo ya pili usiku ule ule kunazidi maoni ya wiki nzima. Ndege inayokujia uso kwa uso nayo huonekana imesimama, taa zake zikazimika inapogeuka, lakini zaidi huwa nyeupe na mwisho utasikia mngurumo. Kuna mtu wa Mkoani au Kiwani aliyekuwa nje siku ile?

Bi Makunduchi
Changu kilikuwa cha mwezi wa Ramadhani, tumeamka kwa ajili ya daku. Mwanangu katoka uani akarudi anapiga kelele. Tukatoka sote. Taa nyingi nyeupe zimefuatana kama shanga, zinatoka kusini-magharibi zinakwenda kaskazini-mashariki, kimya. Mama mkwe alisoma Ayatul Kursiy mpaka ya mwisho ikapotea.

Asubuhi nikauliza jamaa. Dar waliziona, Mombasa waliziona, dakika zile zile. Kitu kinachoonekana kote huko kwa wakati mmoja kiko juu mno, hapo jini wa Makunduchi akatoka kwenye hesabu. Ni setilaiti za intaneti za Starlink, zinarushwa kwa makundi tangu Mei 2019. Siku za mwanzo baada ya kurushwa zinakwenda kwa msururu, baadaye zinatawanyika na kupanda mpaka kilomita 550 hivi.

Maalim, Wete
Bi Makunduchi, umefanya vizuri kutaja daku. Setilaiti haina taa, tunaona jua linavyoigonga. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta, setilaiti hizi za chini zinaonekana muda mfupi baada ya magharibi na muda mfupi kabla ya kuchomoza jua. Usiku wa manane zote zimeingia kwenye kivuli cha dunia. Mtu akisema ameona mwanga unatembea saa saba ya usiku, Starlink iondoe, na kile Kituo cha Kimataifa cha Anga kiondoe pia. Kituo kile kinapita kilomita 400 hivi juu, kinazunguka dunia kwa dakika 90 na kidogo, na kinavuka anga letu kwa dakika chache bila kumemeta. Mara nyingi hufifia katikati ya anga. Wengi wanadhani kimetoweka, kumbe kimeingia kivulini.

Nahodha Mstaafu, Makangale
Wanangu, nina kisa cha zamani. Ni mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa nje ya Ras Kigomasha, usiku mkubwa, tunavua. Kaskazini, upande wa pwani ya Kenya, ukanyanyuka moto. Si radi, maana radi haipandi. Ulipanda moja kwa moja, ukainama kuelekea mashariki, baharini, ukazimika, ukawaka tena juu zaidi. Nyuma ukabaki moshi. Baharia wetu mmoja alikataa kutoka tena mpaka mwezi ule ukaisha.

Jibu nilipewa na Mbajuni tuliyekutana Shimoni. Waitaliano walikuwa na kituo Ngomeni, karibu na Malindi, majukwaa yamesimama baharini, wakiyaita San Marco. Walirusha setilaiti kuanzia 1967 mpaka 1988. Moja, ya Wamarekani, ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Ile kuzimika na kuwaka tena ni vipande vya roketi vinavyopokezana. Kwa hiyo mkiambiwa kuwa wazee wa kaskazini Pemba waliona moto unapanda angani, msiwaite waongo.

Mtoto wa Michenzani
Shikamoo Nahodha. Babu yangu alikuwa akisema roketi zilirushwa Tunguu. Nilifuatilia. Tunguu palikuwa na kituo cha Wamarekani cha mradi wa Mercury, ule wa kupeleka watu angani, kuanzia mwaka 1960. Hakikurusha kitu, kilisikiliza na kuzungumza na chombo kinachopita juu. Mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyowasiliana naye. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa.

Kisa changu ni cha ule msiba wa umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja nzima ikakaa gizani miezi mitatu. Joto lilituua, biashara zilianguka, sisahau. Lakini nyota tulizoziona juu ya majumba ya Michenzani sijaziona tena. Usiku mmoja tumelala juu ya paa, ukuta mzima ukawa mweupe. Vivuli vya matangi vikatembea sakafuni. Nikainua macho nikawahi mkia wa kijani tu, umekwisha. Sekunde tatu, hazizidi nne. Tukawa tunazozana, na kaka yangu akasema nyamazeni, akaanza kuangalia saa. Zikapita dakika mbili na zaidi, ukaja mlio mzito wa mbali.

Sauti hewani inakwenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Dakika mbili na nusu ni kama kilomita 50. Hicho ni kimondo kikubwa, na kaka yangu alikipima umbali kwa saa ya mkononi. Mtu akikwambia aliona mwanga na mlio pamoja, muulize mara ya pili.

Asha wa Micheweni
Jamani, Qur-ani imesema vimondo ni vya kuwapigia mashetani. Ya nini tena kupima?

Maalim, Wete
Ni Surat al-Mulk, aya ya 5, na sina la kuongeza juu yake. Mwezi mwandamo nao ni ibada, na bado tunauliza aliyeuona alisimama wapi na saa ngapi, tunatafuta na shahidi wa pili. Nina sababu nyengine. Mwaka 1995, fazaa ya Popobawa, yule jini wa usiku, ilipowalaza watu nje, kila mwanga ulikuwa yeye. Watu walipigwa kwa kushukiwa tu.

Fundi wa Mkoani
Kijana wa Wesha, siku hiyo niliiona hiyo taa! Nilikuwa gatini. Ilikuwa kaskazini-magharibi yangu, rangi hiyo hiyo, lakini mimi niliiona inasogea kaskazini. Haikusimama.

Mtazama Anga, Chake
Allahu akbar. Chukueni ramani. Pigeni mstari kutoka Wesha kwenda magharibi, na mwengine kutoka Mkoani kwenda kaskazini-magharibi. Inakutana baharini, si mbali na Misali. Na Juni ni kusi, upepo unatoka kusini. Kitu chepesi kinachobebwa na upepo wa kusi, cha rangi ya moto, kimya, kinachokufa chenyewe: miye nafikiria zile taa za karatasi zenye mshumaa ndani wanazorusha kwenye sherehe za mahoteli. Lakini aliyeirusha hatujampata, na kutoka Wesha ingetakiwa kuonekana inakwenda kulia. Kijana, ulikuwa na mlingoti au mnazi wa kulinganishia?

Kijana wa Wesha
Hakuna. Bahari tupu mbele yangu. Kusogea kidogo kulia siwezi kukukatalia, lakini mimi sikuona ukisogea.

Dagaa Usiku, Mkokotoni
Sisi tunatoka siku za giza, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaji kwenye taa. Bahari ikiwa shwari, taa za wenzetu wa mbali zinaonekana zimenyanyuka juu ya maji, zinaelea. Na Zuhura ikiwa chini magharibi, vijana wapya wanaapa inatufuata. Kitu kikikaa robo saa pale pale, kilinganishe na mlingoti wa chombo kilichotia nanga. Kikishuka polepole, ni nyota hiyo.

Ghuba ya Chwaka
Changu kilikuwa vipande vitano sita vinawaka, vimefuatana kwa mwendo mmoja, vinatupita juu kuelekea baharini. Nilimaliza kuita watu wa nyumba mbili na bado kinaonekana.

Maalim, Wete
Huo muda ndio jibu. Kimondo kinaingia kwa kilomita 11 kwa sekunde au zaidi sana, kinakwisha mara moja. Mabaki ya roketi na setilaiti yanarudi kwa kilomita 8 hivi kwa sekunde, yakikata hewa kwa ubapa, kwa hiyo yanaonekana nusu dakika mpaka dakika nzima yakivunjika.

Ghuba ya Chwaka
Na yakianguka nchi kavu?

Mtazama Anga, Chake
Yanaanguka. Tarehe 30 Disemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Ukikuta kitu kama hicho shambani au kimetupwa na maji, usikiguse wala usikibebe, huenda kina mabaki ya sumu. Piga picha kwa mbali, andika saa, mwite sheha.