Tupeane uzoefu: usingizi ukigoma, ulifanyaje?

Wakuu, ni saa tisa usiku na mimi naangalia dari. Miezi minne sasa niko hivi. Naingia kitandani saa nne, nagaagaa mpaka saa nane, halafu usingizi wa mang'amung'amu, mara alamu inalia. Sitaki kuambiwa "punguza mawazo". Aliyepitia haya aseme alichofanya, na kilichomshinda.

Bundi Mstaafu:
Pole mkuu. Mimi nilianza na zolpidemu, kidonge cha usingizi, wiki ya kwanza nikalala fofofo. Siku moja naamka, jikoni kuna vitunguu vimekatwa na sufuria ya maji juu ya jiko. Mke wangu anasema tuliongea kabisa. Sikumbuki hata neno! Daktari wala hakushtuka: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziwekewe onyo kali, kwa kuwa watu wametembea, wamepika, hata wameendesha gari wakiwa usingizini.

Mama Pacha:
Akina dada, mamlaka hiyohiyo mwaka 2013 ilishusha dozi ya kuanzia kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, maana kwetu inachelewa kutoka mwilini. Mimi nilipewa 10. Asubuhi nikaligonga geti langu mwenyewe.

Mbishi:
Kilichoniponya nilikiona uchizi: kukaa kitandani muda mfupi zaidi. Mtaalamu alinijazisha daftari la usingizi wiki mbili. Kitandani nilikuwa nakaa saa nane na nusu, usingizi wenyewe saa tano na nusu. Akasema basi kitanda nikipande saa sita na nusu usiku, nitoke saa kumi na mbili, nimelala sijalala. Usingizi usiponichukua, nihamie sebuleni nisome kitu kisicho na utamu.
Wiki ya kwanza nusura nilie, nasinzia nimesimama (gari niliweka pembeni). Ya pili, kichwa kikigusa mto nimeshazima. Nikilala asilimia 85 ya muda wa kitandani naongezewa robo saa, hivyo hivyo mpaka muda wa kitandani ukafika saa saba. Mbinu hii aliielezea Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987, na leo ni sehemu ya tiba ya kisaikolojia ambayo madaktari hushauri ianze kabla ya vidonge. Mwenye kifafa asijifanyie mwenyewe.

Kimya Kingi:
Nilijaribu hipnosisi, ile ya kutulizwa akili kwa maneno ya mtaalamu. Nilitegemea saa ya kuning'inia, nikakuta sauti ya taratibu tu. Jina limetokana na Hypnos, mungu wa usingizi wa Wagiriki, lakini wakati ule hulali, unasikia kila kitu. Wasiwasi ulipungua, usingizi nusunusu. Tafiti zake nyingi zina watu wachache, kwa hiyo sikushawishi.

Mkoromaji:
Mimi nalala kwa muda wa saa nane na bado naamka hoi. Mke alinirekodi: nakoroma, kimya kizito, halafu navuta pumzi kama aliyeibuka majini. Kumbe pumzi inakatika. Sasa navaa barakoa ya mashine ya CPAP, inayosukuma hewa ili njia ya pumzi isizibe, kama rubani. Mkuu, kabla ya kidonge chochote, muulize unayelala naye.

Mleta mada:
Nimemuuliza, anasema nakoroma kidogo tu. Mbishi, hiyo saa kumi na mbili ni hata Jumapili?

Mbishi:
Hasa Jumapili.