Naomba ushauri: nasoma CPA usiku, lakini simu hainiachi nikatulia

Mama_Mizania:
Wakuu, habari za usiku. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni moja hapa Dar, na Novemba nakaa mtihani wa CPA, ule wa uhasibu wa Bodi ya wahasibu. Nikitoka kazini kuna foleni, kuna kupika, kuna kumlaza mtoto, kwa hiyo muda wangu wa kitabu ni saa tatu hadi saa tano usiku. Muda ninao, kinachonishinda ni kutulia.

Juzi nilikuwa kwenye swali la hesabu za kundi, kampuni mama na kampuni tanzu mbili. Nimeshatenganisha faida ya kabla ya kununuliwa na ya baada, namba ninazo kichwani, simu ikalia. Grupu la kikoba, wanauliza nani hajaleta rejesho. Nimesoma ujumbe mmoja tu, lakini kurudi kwenye daftari sijui hata ile namba nimeitoa wapi. Naanza upya. Usiku mzima ni hivyo.

Kuizima siwezi. Notisi zote za masomo ziko humo, na mama yangu yuko Lushoto anaumwa presha, lazima nipatikane. Naigeuza kifudifudi mezani lakini akili yote iko kwenye hiyo simu. Waliopita njia hii, mlifanyaje?

Kigogo_Mbuyuni:
Dada, zima data ujikaze. Ni nidhamu tu. Wazee wetu walisoma kwa kibatari wakafaulu.

Mwl_Chaki:
Mkuu Kigogo, kibatari hakikuwa kinamwita mtu. Hii simu imetengenezwa na watu wanaolipwa ili mtu asiiache. Ule ukurasa usio na mwisho, unaoshuka nao tu bila kufika chini, ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, na mwenyewe baadaye alijitokeza hadharani kusema anajutia. Tusimbebeshe dada wa watu lawama zote.

Dada, hilo la kifudifudi hujalizua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin waliwapa watu majaribio ya kufikiri. Simu zote zilinyamazishwa, ila wengine waliziweka mezani zimelala kifudifudi, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine wakaziacha chumba kingine. Walioziacha chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, lakini mimi nimefundisha miaka mingi na hilo naliona darasani kila siku. Iondoe kabisa chumbani.

CPA_wa_Tabata:
Mimi nilipita hapohapo ulipo. Nunua kitochi, ile simu ndogo ya batani, hamishia humo laini anayopiga mama na watu wa nyumbani, ukiweke karibu yako. Kikilia, ujue ni jambo la maana. Simu kubwa mpe shemeji au mtu yeyote hapo nyumbani akae nayo hadi saa tano.

Notisi peleka steshenari wakutolee kwenye karatasi. Usitoe zote, toa mada unayosoma wiki hiyo na maswali ya mitihani iliyopita. Mtihani wenyewe ni saa tatu mfululizo, na akili iliyozoea kukatishwa kila dakika chache haiwezi kukaa saa tatu kwa kushtukizwa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuanza sasa, si Oktoba.

Mama_Mizania:
Asanteni sana, mmenipa nguvu. Kitochi ninacho cha zamani. Ila grupu la masomo linachangamka saa tatu hiyohiyo, naogopa kupitwa. Na mtoto akiamka je? Huyo siwezi kumpeleka chumba kingine.

Mwl_Chaki:
Grupu lisome saa tano, majibu yatakuwa yameshapatikana na utasoma yaliyo sahihi tu.

La mtoto lina dawa yake. Kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy, mwaka 2009 alionyesha kwamba ukiacha kazi katikati ukashika nyingine, sehemu ya akili inabaki kwenye ile ya kwanza. Baadaye, yeye na mwenzake waliona kuwa ukiandika kwa kifupi ulipoishia na utakachoanza nacho ukirudi, akili inaachia. Kwa hiyo kabla hujainuka, andika pembeni ya daftari: "nimepata faida ya baada ya kununuliwa, inayofuata ni mgawo wa wanahisa wachache." Ni sekunde chache tu. Kambembeleze mtoto kwa moyo wote, ukirudi unaanzia kwenye huo mstari.

Mama_Mizania:
Hili la kuandika pembeni sikuwahi kulifikiria. Kesho asubuhi napita steshenari, naanza na hesabu za kundi na kodi.

CPA_wa_Tabata:
Subiri kwenye kodi. Notisi zako ni za mwaka gani? Sheria ya Fedha inabadilisha viwango vya kodi kila Julai. Hakikisha kwanza Bodi inatahini sheria ya mwaka upi, ndipo utoe karatasi.